Damu ya Ekero

Shinyalu,
21 Januari 2024

Mjomba Osundwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Anti Nekoye mkiwa na afya, na kwamba joto la huko Maikona halijawakausha kabisa. Sisi huku tu wazima, ila mama analalamikia goti, na chai haichumiki vizuri kwa sababu ya jua hili. Mume wangu Masinde bado anaendesha trekta la miwa. Siku nyingi hushinda Ekero, si mbali na boma lenu, na anasema mti wa mparachichi wa nyanya bado unazaa ingawa hakuna anayeuangalia.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani, na ikipatikana unasikika kama mtu aliye ndani ya kisima. Tena hapa kwetu simu ikilia, nyumba nzima inakaa kusikiliza.

Nina swali, na si langu. Katika darasa langu la gredi ya sita kuna msichana anaitwa Winrose, asiyeridhika na jibu lolote. Wiki jana aliinua mkono akauliza kama Mungu alimaliza kuumba watu au bado anaendelea. Darasa lilicheka. Nilipoleta swali hilo ofisini, mwalimu mkuu alisema mtu aliumbwa akakamilika, tusiwachanganye watoto. Mimi nikakukumbuka wewe, mwalimu wa bayolojia tangu sijazaliwa. Basi nakuuliza: sisi watu wa leo, wenye hospitali na simu na mabati, bado miili yetu inabadilika kizazi hadi kizazi? Au tulishafika?

Habari nyingine ni ndogo. Nina mimba. Mungu akipenda nitajifungua Julai. Kliniki wamenitoa damu, nyingi kuliko nilivyotarajia. Mama alinikataza kukuandikia jambo hili. Alisema si habari ya kumpelekea Osundwa. Sikumwelewa, kwa hiyo nimekuandikia.

Mpwa wako,
Navalayo

*

Maikona,
18 Februari 2024

Mpwa wangu Navalayo,

Nimepokea barua yako kutoka kwa dereva wa lori la mbuzi, ikinuka mbuzi wenyewe. Sisi hatujambo. Nekoye ameanza kufuga kuku, na upepo ukivuma kuku hao hutembea kinyumenyume. Shule ina wanafunzi wengi mwaka huu na maji machache. Msalimie mama yako. Mwambie goti lipakwe mafuta ya moto asubuhi.

Sasa mwambie Winrose kwamba kazi haijaisha, na ushahidi ninao tumboni. Majirani zangu Wagabra hunywa maziwa ya ngamia mabichi, kibuyu kizima, kisha wanaondoka na mifugo yao jua kali bila kula kitu kingine. Mimi nikinywa kikombe kimoja, tumbo linaanza kuhubiri. Kwa nini? Watu wa kale walipoachishwa ziwa, miili yao ilisahau namna ya kumeng'enya maziwa. Lakini katika jamii za wafugaji walizaliwa wachache ambao miili yao haikusahau. Ukame ulipokuja, hao walishiba wenzao walipolala njaa. Wakabaki, wakazaa, na watoto wao wakawa vivyo hivyo. Kwa hesabu ya dunia, jambo hilo limetokea juzi tu. Tazama pia meno ya mwisho kule nyuma ya taya: wako watu siku hizi ambao hayaoti kabisa. Na huku kaskazini mwetu, kwenye milima ya Ethiopia, kuna watu ambao damu yao imezoea hewa nyembamba inayotutoa pumzi mimi na wewe.

Hospitali na simu havizuii mabadiliko. Yanahitaji mambo mawili tu. La kwanza, watoto wasizaliwe sawasawa. La pili, si wote wafikie utu uzima.

Nimeandika sentensi hiyo, na kalamu imesimama. Nitaishia hapo.

Habari ya mimba nimeisoma. Lala ndani ya neti kila siku.

Mjomba wako,
Osundwa

*

Shinyalu,
10 Machi 2024

Mjomba,

Mulembe. Goti la mama limepata nafuu kidogo. Tumelima shamba la chini, tunangoja mvua tupande mahindi na maharagwe. Winrose na wenzake wamelipenda tumbo lako linalohubiri. Sasa kila mtoto akitaka kwenda msalani ananiambia tumbo limeanza ibada.

Lakini Mjomba, nimeazima kitabu cha bayolojia kwa mwalimu wa sekondari. Kuna mfano wa maziwa kama ulivyosema. Ukurasa unaofuata kuna mfano mwingine, tena unahusu watu wa huku kwetu kwenye malaria. Mfano wa damu. Umefundisha miaka yote hiyo, na ukaandika hadi habari za meno. Huo umeuruka.

Nilipoona umeuruka, nilikifunga kitabu, kwa sababu yale majibu ya kliniki yalikuwa yamerudi. Nesi aliniita chumbani peke yangu. Alisema nimebeba selimundu. Alinichorea kwenye karatasi: seli ya damu ya kawaida ni duara kama andazi, nyingine imepinda kama mundu wa kukatia nyasi. Mimi si mgonjwa, nimebeba nusu tu, ya mzazi mmoja. Lakini baba wa mtoto lazima naye apimwe.

Masinde amekataa. Mara ya kwanza alisema ana kazi. Mara ya pili alisema kwao Lugari ni juu, kuna baridi na hakuna mbu wengi, damu kama hiyo ni ya watu wa miwa na wa msituni. Mara ya tatu alisema mwanamume anayekwenda kutafuta kasoro ya mtoto ambaye hajazaliwa amekwisha kumlaani. Baada ya hapo sikumuuliza tena.

Mjomba, namkumbuka Isaiah wako. Namkumbuka macho yake, yalikuwa na umanjano hata akiwa mzima. Namkumbuka alivyolia akishikwa vidole, vilikuwa vimevimba. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja kwa nyanya Ekero wakati wa likizo. Mimi niliambiwa alikufa kwa malaria. Khalayi naye, dada yake, miaka miwili baadaye, niliambiwa ni malaria. Nilipomuuliza mama juzi, aliinuka akachukua kikapu, akaenda kuchuma chai jua likiwa utosini.

Ninaogopa. Niambie.

Navalayo

*

Maikona,
2 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Tunamshukuru Mungu, tu wazima. Mvua imeanza mlimani Marsabit. Ikishuka huku, jangwa la Chalbi litajaa maji na malori yatasimama, kwa hiyo usishangae barua zikichelewa.

Kuhusu ulilouliza, ni hivi. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya damu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haugui. Ikiwa wazazi wote wawili wamebeba, basi kwa kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbovu mbili, na huyo ndiye anayeugua. Nafasi hizo hazikumbuki mimba iliyotangulia. Wanaweza kuzaliwa watatu wazima, wanaweza kuzaliwa wawili wagonjwa mfululizo.

Masinde apimwe. Mwinuko wa Lugari haumpi kinga yoyote, watu wamehamahama na damu zao.

Habari za watoto usiniulize.

Osundwa

*

Shinyalu,
28 Aprili 2024

Mjomba,

Mulembe. Mvua ya huku imekuwa ya ajabu, njia ya kuteremka mtoni imekatika na watoto wawili wa shule yetu wamebebwa mgongoni wiki nzima. Mahindi yameota. Mama hajambo. Mimi miguu inavimba jioni.

Nilikusoma, na sitakuuliza. Nakuandikia habari ya Masinde, kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Amebadilika. Wiki mbili zilizopita alirudi kutoka Ekero na neti mpya, ya bei, akaifunga mwenyewe na kuchomeka ncha zake chini ya godoro. Anachota maji. Masinde, ambaye mama yake alimlea akiamini mtungi ni wa wanawake, anachota maji mchana watu wakimwona. Zamani akiosha trekta alikuwa akiimba hadi majirani wanamwambia anyamaze. Sasa haimbi. Nikijigeuza kitandani ananiuliza kama niko sawa kabla sijamaliza kugeuka.

Ningefurahi, Mjomba. Wanawake wenzangu wananiambia nimepata bahati. Lakini mtu ambaye hajui kitu hawi mpole hivyo. Naona kama amekwisha kuona kitu mbele yangu njiani, na amenishika mkono ili nisikione.

Mtoto anacheza sana tumboni. Zamani nilikuwa nikicheka akinipiga teke. Sasa kila teke nalihesabu kama swali.

Navalayo

*

Shinyalu,
26 Mei 2024

Mjomba,

Sijapata jibu. Pengine ni maji ya Chalbi. Nimemuuliza mtu wa mabasi ya Marsabit, anasema malori yalianza kupita tena.

Masinde amesema. Tulikuwa tukipalilia maharagwe, mimi nimeketi kwenye kigoda kwa sababu ya tumbo, yeye mbele yangu na jembe. Alisimama bila kunigeukia.

"Sote wawili, Navalayo," alisema.

Alipimwa Mumias mwezi wa nne, siku ile aliyonunua neti. Alitembea na jibu mfukoni wiki zote hizo. Sikumlaumu. Tulimaliza mstari ule wa maharagwe kisha tukarudi nyumbani.

Mama mkwe alipopata habari, alikuja kutoka Lugari. Alimwambia mwanawe, mimi nikisikia, kwamba bado kuna wasichana wenye damu safi. Masinde alimsindikiza hadi stendi na hakurudi naye.

Moja kati ya nne. Nimekuwa nikihesabu kila kitu kwa nne. Watoto wanne kwenye dawati, naangalia nani. Vikombe vinne kwenye sinia, nakataa kunywa hadi wenzangu wachague.

Kama umekasirika, niambie umekasirika. Ukimya wako unanitisha kuliko jibu lolote.

Navalayo

*

Maikona,
12 Juni 2024

Navalayo, mwanangu,

Chalbi ilijaa kweli, lakini hiyo siyo sababu. Barua zako zote mbili zilifika. Niliandika majibu nikayachana. Hili sitalichana, kwa sababu Nekoye amekaa hapa mlangoni mpaka nimalize.

Ulitaka kujua kwa nini niliuruka mfano wa damu. Nitakuandikia, na ukimaliza kusoma usinijibu habari zake.

Agosti mwaka 2003 wewe na Isaiah mlikuwa Ekero kwa mama yangu. Wewe ulikuwa na miaka saba, yeye sita. Mlilala kitanda kimoja kama unavyokumbuka, bila neti, na mbu walioingia chumba kile ni mbu wale wale. Mliumwa pamoja na mkashikwa na homa pamoja. Mimi na Nekoye tulifika na mama yako akafika, tukawabeba nyote wawili hadi zahanati, mkapewa dawa ileile. Siku ya tatu wewe uliketi, ukaomba ndizi. Ulikula ndizi yote, ukauliza Isaiah yuko wapi. Isaiah alikuwa chumba cha pili. Midomo yake ilikuwa nyeupe kama viganja. Alifariki mchana ule nikiwa nimemshika.

Damu ile ilitoka kwa wazee wetu, ikatugawia mimi na mama yako nakala mojamoja. Yeye akakupa wewe. Mwenye nakala moja, mdudu wa malaria hapati raha ndani ya damu yake. Anaugua kidogo, anapona. Ndiyo maana damu hii haikupotea kwenye nchi za mbu. Kwa miaka maelfu ilikuwa ikiwaokoa watoto kama wewe. Lakini Nekoye naye alikuwa nayo, na hatukujua, na Isaiah akapata zote mbili. Kwa mwenye mbili, kinga hiyo haipo. Malaria ikimpata humaliza damu yake upesi.

Winrose aliuliza kama watu bado wanabadilika. Ndiyo. Walikuwa wakibadilika kwenye kitanda cha mama yangu, mmoja akabaki na mmoja akaondolewa. Vitabuni tunaita uteuzi. Nimelifundisha neno hilo miaka mingi, na kila mwaka nikifika ukurasa huo nawaambia wanafunzi wasome wenyewe, mimi natoka nje kuangalia tangi la maji.

Mazishini watu waliuliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza. Watoto wawili, kitanda kimoja, homa moja. Imekuwaje mmoja akafa na mwingine akaomba ndizi? Hawakujua habari za damu. Walitafuta mtu. Mmoja wao, mtu ninayempenda, alisimama kando ya kaburi akasema neno juu ya Nekoye, kwamba mama aliyemla mtoto wake anajulikana kwa macho makavu. Sitamtaja. Alikuwa hajalala siku nyingi akikulilia wewe, na akili yake haikuwa yake. Khalayi alipokufa miaka miwili baadaye, hakuna aliyehitaji kurudia neno hilo, lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Kisha daktari mmoja Kisumu akatupima sisi wenyewe, ndipo tukajua. Tukaamua tusizae tena. Nikaomba uhamisho wa kwenda mahali pakavu penye mbu wachache. Sijui nilikuwa nawakimbiza watoto gani.

Nekoye alizikuta barua zako juzi ndani ya koti langu. Alisoma zote, moja baada ya nyingine, akazikunja. Nilitegemea atalia.

"Mtoto wa wifi yangu Rachael anauliza, na wewe unamnyamazia," aliniambia. "Kuna nani mwingine anayejua jibu kama sio mimi?"

Anakuja kwako. Amekwisha kugawa kuku. Nimemwambia hajakanyaga Kakamega tangu tulipomzika Khalayi, na kwamba wapo wasiosahau. Amesema anajua. Mimi siwezi kuja, Navalayo. Usiniulize kwa nini.

Osundwa

*

Shinyalu,
21 Julai 2024

Mjomba,

Mulembe. Nimejifungua msichana Jumamosi iliyopita. Ni mzima wa kutazama, analia kwa sauti nene kama mzee wa kanisa. Tumemwita Awinja. Masinde alipendekeza tumwite Khalayi, ila Anti Nekoye alisema hapana, apewe jina ambalo halijaliliwa.

Alifika mwisho wa Juni, na begi moja. Nilikuwa nimeketi uani kwa mama tukipura maharagwe. Aliingia kwenye uwanja akasimama, hakusalimia. Mama aliinuka. Nilimwona akiangalia njia ya kwenda shambani, kama anatafuta kikapu chake. Mjomba, sikuwa nimemwambia mama kwamba najua, wala hukunitajia jina. Lakini uso wake uliniambia yule aliyesimama kaburini alikuwa nani.

Kisha mama akatembea na goti lake lile, akampokea begi.

"Ingia, Mama Isaiah," alisema.

Sijawahi kumsikia mtu yeyote akimwita hivyo. Anti aliingia. Sijui walisema nini jikoni, kwa sababu waliufunga mlango, na walipotoka mama alikuwa amesonga obusuma na kuchinja kuku wa mayai ambaye hutuzuia hata kumfukuza. Hawajawa marafiki, sitakudanganya. Wakikaa chumba kimoja wanazungumza na mimi, si wao kwa wao. Lakini usiku wa uchungu wangu walinishika huku na huku.

Mtoto ametobolewa kisigino, matone machache yakawekwa kwenye kadi na kupelekwa maabara. Majibu ni baada ya wiki kadhaa. Nesi anasema hata kama ana ugonjwa, sasa hauwezi kuonekana, kwa maana bado anatumia damu aliyokuja nayo kutoka tumboni. Inaondoka polepole. Kwa hiyo namwangalia mtoto mnene, anayenyonya vizuri, na siwezi kuamini ninachokiona. Kila mtu anayekuja kumtazama anasema ni mzima. Natamani wasiseme.

Uko peke yako. Unakula nini?

Navalayo

*

Maikona,
11 Agosti 2024

Mwanangu,

Hongera. Jibu la ile barua yako ya Januari nilipaswa kulianza kwa neno hili. Hongera kwako na kwa Masinde.

Nakula wali na maharagwe. Nekoye akiwa hapa nilidhani nyumba hii ni kimya. Sikujua kimya. Kila lori likisimama sokoni natoka darasani, wanafunzi wameanza kucheka. Nataka barua, na nikiona dereva hana barua nashukuru.

Nitakuambia ninachoogopa. Siogopi kuja Shinyalu kwa sababu ya maneno ya watu. Naogopa nitambeba mtoto wako, na mikono yangu itaanza kumpima. Itamfunua macho. Itamshika vidole. Nilifanya hivyo kwa Khalayi miaka miwili, kila asubuhi, na Khalayi alijua. Alikuwa akinificha mikono yake nyuma.

Nimemfikiria sana Winrose wako. Jibu nililompa Februari lilikuwa na kasoro. Nilisema si wote hufikia utu uzima, kana kwamba ni sheria ya mvua na jua. Lakini mbu anapozuiwa na neti, na mtoto mgonjwa anapopewa dawa mapema, akakua akazaa, damu ya kesho haitakuwa ile ambayo malaria ingeichagua. Sisi nasi tumo kwenye kuchagua. Watoto wangu wangezaliwa nyakati hizi, pengine wangefikia utu uzima wakanisumbua. Fikira hiyo hainifariji. Wakati mwingine ndiyo mbaya kuliko zote.

Majibu yakitoka usiniandikie. Mwambie Nekoye apige simu. Nitapanda kilimani penye mtandao kila Jumapili baada ya misa.

Osundwa

*

Shinyalu,
8 Septemba 2024

Mjomba,

Anti amekataa kupiga simu. Amesema hutaki barua kwa sababu barua huwezi kuizima. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Mama anakusalimu. Mahindi tumevuna, si mabaya. Masinde amerudia kuimba kidogo, wimbo mmoja tu, na hamalizi.

Jumanne tuliitwa kliniki. Tulikwenda sote wanne, mimi na Masinde na Anti na mama, na Awinja kifuani mwangu. Nesi alipoona tumekuja wengi aliongeza viti kabla ya kufungua faili, hapo ndipo nilipojua. Ana zote mbili, Mjomba. Awinja ni mgonjwa.

Masinde aliweka kofia usoni. Mama alianza kusema kitu kuhusu Mungu na hakufika mwisho. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeogopa tangu Machi, na nilidhani hofu itaisha siku ya jibu. Haikuisha. Ilikaa vizuri zaidi, kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda chake.

Nesi hakutuacha tukae kimya. Alitupa dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi, na nyingine ya malaria, na vidonge vya kuongeza damu. Alitufundisha homa ni kitu gani kwa mtoto huyu: si ya kungoja asubuhi. Akasema wako watoto kama yeye hapa Kakamega ambao sasa wako sekondari, na mmoja ni fundi cherehani ana mtoto wake. Kisha akamlaza Awinja mezani, akauchukua mkono wangu, akaweka vidole vyangu chini ya mbavu za kushoto. Akaniambia hapo ndipo bandama ilipo. Inaweza kuvimba ghafla na kumeza damu yote ya mtoto kwa saa chache. Niguse kila asubuhi, na nikihisi imeshuka au imekuwa ngumu, nisingoje mtu, nikimbie.

Nilipomaliza, Anti Nekoye aliomba naye aonyeshwe. Nesi akamwekea vidole. Alibonyeza taratibu sana, akazunguka, akarudi palepale. Awinja alikuwa akimtazama usoni. Mama alisimama nyuma yake na mkono begani mwake.

"Isaiah alivimba hapa," Anti alisema. "Mimi hakuna aliyenionyesha."

Nesi alimwachia nafasi, na Anti akaendelea kugusa, hata baada ya kujua kwamba ni sawa.

Amesema harudi Maikona mpaka mvua za mwaka ujao zipite na mbu wapungue. Mimi nakuomba uje. Njoo na mikono hiyo hiyo unayoiogopa, itakuwa na kazi. Mimi nikiwa shuleni na Anti amekwenda mtoni, kuna asubuhi mama peke yake ndiye anayebaki na mtoto, na vidole vya mama vina ganzi.

Leo nimemgusa alfajiri kabla hajaamka. Pako laini. Kesho tena.

Mpwa wako,
Navalayo